Mshauri wa Sita

Nimechoka kusikia watu wakisema Ummukulthum binti Harith alifukuzwa kazi ya serikali kwa sababu ya uongo. Juzi tu, kwenye hitima huko Tottenham, bwana mmoja karudia maneno hayo hayo huku mdomo umejaa biriani ya watu. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwapo?" Akababaika. Basi mimi nilikuwapo. Naitwa Vuai, mtu wa Wete, na miaka ile nilikuwa mlinzi wa mlangoni katika jengo moja la maofisi kule Croydon, ghorofa kumi na nne, vioo vitupu. Kila aliyeingia na kila aliyetoka alipita mbele ya macho yangu. Nisikilizeni mimi.

Ummukulthum alizaliwa Unguja, Sokomuhogo, akatoka huko na mama yake mwaka sabini na mbili akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. London ilimpokea kwa ndoo na fagio. Alisafisha maofisi alfajiri, akaja kuwaogesha wazee katika nyumba za kulelea, na jioni akawa anakwenda kujifunza kupiga taipu wakati wenzake wanatazama televisheni. Mume alikuja akaondoka, akamwachia binti mmoja, Miska, mtoto anayeelewa kila neno la Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza. Mwaka tisini na saba ajensi ikamleta kwenye jengo letu, ghorofa ya kumi na moja, kwa mkataba wa miezi mitatu. Mkataba ukarefushwa miezi mitatu mingine, na mitatu mingine, mpaka nikapoteza hesabu. Akiumwa, halipwi. Ofisi ikifungwa Krismasi, halipwi. Hivyo ndivyo alivyoishi.

Hiyo ofisi yake ilikuwa ya umma, na kazi yake ni kuzibana kampuni kubwa zinazochukua mali ya wafanyabiashara wadogo halafu zinakaa miezi na miezi bila kulipa. Kazi nzuri, sikatai. Mwaka elfu mbili wakaamua bodi yao iwe na washauri sita, si wakubwa wa makaratasi bali watu waliofanya biashara wenyewe. Ummukulthum ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafuta: kutangaza, kupokea fomu, kupiga simu, kupanga intavyuu. Bosi wake, Mzungu mmoja mrefu asiyekaa kitako, akamwambia waziwazi: ukinipatia sita kamili kabla ya uzinduzi wa tarehe kumi na nne Desemba, nafasi ya kudumu ni yako.

Siku hiyo alishuka chini mbio mbio kuniambia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Vuai, kazi ya kudumu! Nitaumwa na mimi siku moja kama watu!"

Watano walipatikana upesi. Mjenzi, mpiga chapa, mhasibu, mwenye malori, na Bi Shilpa wa Wembley mwenye kiwanda cha sambusa za kugandishwa. Wa sita ndiye aliyekuwa mgumu. Bodi ilitaka mtu ambaye biashara yake ilikufa kabisa kwa kucheleweshewa malipo, na nani anapenda kujaza fomu kusema amefilisika? Septemba ikapita. Ummukulthum akawa anashuka kwangu wakati wa chai, uso umemsawijika.

Mwishoni mwa Oktoba fomu ikaja. Imeandikwa kwa mkono, wino wa buluu, herufi zimelala vizuri kama za watu waliosoma zamani. Sadrudin Walji, wa Peckham. Alikuwa na karakana ya kushona aproni za hospitali na nyumba za wazee, mafundi kumi na wawili. Kampuni moja kubwa ilichukua mzigo wake wa mwaka mzima, ikasema italipa baada ya siku thelathini, ikawa tisini, ikawa mia na hamsini, mpaka karakana ikafungwa. Penye swali la kwa nini anaomba nafasi ile, aliandika sentensi moja tu: bado nasubiri jibu.

Ummukulthum akapiga namba iliyoandikwa. Ikaita mara nyingi, kisha sauti ya mzee ikaitika. Alipotaja jina lake, mzee akaacha Kiingereza hapo hapo.

"Ummukulthum? Jina la kwetu hilo. Wewe ni wa nani?"

"Shikamoo mzee. Mimi binti Harith, wa Sokomuhogo."

"Marahaba, mwanangu. Harith yule mwenye baiskeli ya kijani? Bibi yako si Bi Miska, aliyekuwa akiuza vileja? Baba yangu ndiye Fundi Walji, aliyewashonea sare za skuli."

Loo! Ummukulthum alishuka kwangu macho yanang'aa. Alikumbuka sare ile, alikumbuka mpaka vifungo vyake. Lakini alikuwa na jambo linamsumbua. Sheria ya ofisi inasema kila mwombaji alete pasipoti, ionekane kwa macho, ndipo karani atie alama kwenye kijisanduku. Mzee kamwambia mguu mbovu, hawezi kufika Croydon.

"Nitamwambiaje mtu mzima kama yule aniletee pasipoti?" aliniuliza. "Kafilisika, mgonjwa, halafu mie mtoto wa Harith nimhoji kama polisi?"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipo mimi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia, "Bi Ummu, hebu acha mambo ya Kizungu. Umeshamjua ni wa nani, baba yake unamjua, mtaa wake unaujua, na yeye kamtaja bibi yako kwa jina. Pasipoti gani itakwambia zaidi ya hayo? Tia alama yako." Kwetu mtu akishajulikana ni wa nani, basi amejulikana. Akapanda juu, akatia alama kwamba ameiona.

Na kweli alikuwa yeye, Sadrudin mwana wa Fundi Walji. Hatukukosea hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia baridi mpaka leo.

Toka hapo mzee akawa anapiga simu kila siku ya kazi. Ilikuwa ni miezi ile ambayo jua la London linazama saa kumi kasoro, na Ramadhani ilipoingia, Ummukulthum akawa anakaa mezani kwake na tende zake tatu akisubiri magharibi. Hapo ndipo simu inapolia, giza linaposhika vioo. Kwetu wakati huo hata mtoto haitwi kwa jina akiwa nje, asije akaitika asiyeitwa. Mzee anauliza neno moja: "Wameshanijibu?" Na nyuma ya sauti yake kuna cherehani inakwenda. Haisimami. Ummukulthum anamjibu kwa adabu kwamba shauri lake linashughulikiwa.

Siku moja hakuwapo mezani, simu ikalia, akapokea kijana wa Kiingereza wa meza ya pili. Alisema hakusikia mtu, alisikia mashine tu, tena karibu mno, akatupa simu chini. Toka siku hiyo akawa anaondoka saa tisa na nusu, akisingizia treni.

"Humwogopi?" nilimuuliza Ummukulthum.

"Mzee wa watu anasubiri," akasema. "Kuna la kuogopa hapo?" Lakini aliniomba niwe napanda juu kufuturu naye, na mimi nikawa namwachia mwenzangu mlango kwa robo saa.

Intavyuu ilifanywa kwa simu, wakuu watatu wameizunguka meza, spika imewashwa, Ummukulthum anaandika. Alinihadithia baadaye. Walimuuliza mzee angeishauri nini bodi. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mtu akinyimwa pesa anaweza kuinuka akatafuta nyingine, lakini mtu asiyejibiwa hawezi kuinuka, anabaki pale pale kwenye kiti chake. Akawauliza kama wanaelewa. Hakuna aliyemjibu. Bosi alitoka chumbani anafuta miwani, akasema huyo ndiye, wamepata wa sita wao, hongera Ummukulthum. Uzinduzi ulibaki siku nane.

Zikabaki tano. Ikatakiwa picha yake ya kitabu cha uzinduzi na sahihi yake kwenye barua ya uteuzi. Barua aliyotumiwa haikurudi. Jumamosi Ummukulthum akaniomba nimsindikize Peckham, tukachukua treni, mvua nyembamba, tumefunga. Nyumba ilikuwa nyuma ya saluni ya nywele, ya matofali, madirisha ya juu hayana pazia. Akafungua mama mmoja wa makamo ya mama yangu, mwembamba, shali ya sufu. Ummukulthum akamwamkia kwa Kiswahili, akasema tumekuja kumwona Mzee Sadrudin.

Mama yule alishika fremu ya mlango. "Karibuni ndani," akasema. "Mimi Gulbanu, mke wake. Mume wangu amefariki, wanangu. Januari ya tisini na nane. Nilimkuta amelalia cherehani."

Tukaingia. Tulikaa. Ummukulthum akatoa fomu kwenye mkoba, akamwekea mama mezani. Bi Gulbanu akaiangalia, akapitisha kidole juu ya wino.

"Mwandiko wake," akasema. "Mie Kiingereza sijui kuandika. Nani kakupa?"

"Imekuja kwa posta. Na simu, bibi, tunaongea naye kila siku, ananiita mwanangu, nami namwambia asubiri. Namba hii hapa."

"Simu ile walikata mwaka ule ule. Ninayo hii ya mkononi tu, kaninunulia mtoto wa dada yangu, Akil."

Nilimtazama nikitafuta uongo usoni mwake, maana nami si mtu wa kuamini kila kitu. Sikuuona. Kwanza hakuonekana kushangaa sana, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Ummukulthum akamuuliza taratibu kama amewahi kusikia chochote.

"Tangu Oktoba," akasema Bi Gulbanu. "Chumba cha juu alichokuwa akishonea. Mwanzo nilisema panya. Ngojeni, saa yake imekaribia."

Nje taa za barabarani zikawaka. Alituletea maji na tende, maana alijua tumefunga, akakaa mikono mapajani. Saa kumi kasoro dakika chache, juu ya vichwa vyetu, cherehani ikaanza. Si sauti ya mbali. Ilikuwa inakimbia, inapunguza penye kona ya kitambaa, inasimama kama mtu anakata uzi, inakimbia tena. Niliinuka, nikapanda ngazi. Mlinzi ni mlinzi, nikajikaza. Nilipoushika mlango sauti ikakoma. Ndani hamkuwa na kitu. Sakafu ya mbao, vumbi, alama nne za miguu ya meza. Nilishuka nikisoma Ayatul Kursi, na sioni aibu kusema hivyo.

"Cherehani niliiuza," akasema Bi Gulbanu. "Nililipia mazishi."

Kisha akafungua kabati, akatoa bunda la barua zilizofungwa kwa utepe wa kitambaa, zote hazijafunguliwa. Zilikuja kwa jina la mumewe baada ya kufa kwake. Barua ya mtu haifunguliwi na mwingine, ndivyo alivyolelewa, hata kama mwenyewe hayupo. Barua yetu ya uteuzi ilikuwa humo, ya juu kabisa. Akamsogezea Ummukulthum lile bunda. "Wewe kakuita mwanawe. Wewe zifungue."

Ya tano ndiyo yenyewe. Ilitoka kwa mfilisi aliyewekwa kuigawa mali ya ile kampuni kubwa, Machi tisini na nane. Ilisema kampuni imevunjwa, mali yake imekwisha, na Bwana Walji hatalipwa kitu, leo wala kesho. Ummukulthum akaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno. Bi Gulbanu akaitikia kwa kichwa.

"Basi yeye hajui," akasema. "Alikufa anasubiri hii. Na ninyi mnamwambia kila siku asubiri. Mwanangu, kila mnapomsubirisha anaamka. Mwacheni alale."

Tukapanda treni kurudi. Kituo cha pili Ummukulthum akasema, "Nikinyamaza, Vuai, hakuna atakayejua. Atakuwa mshauri wa kwenye simu. Wanampenda. Alhamisi wanazindua, Ijumaa nasaini kazi ya kudumu."

"Nyamaza basi!" nikamwambia. "Una mtoto. Kwani wewe ndiye uliyemwua?"

"Na yeye?"

"Yeye kesha kufa!"

Watu wakageuka kututazama. Aligeuza uso dirishani, nikaona anaumia, nami nikakasirika zaidi kwa sababu nilijua nimesema jambo baya.

Jumatatu nilipanda juu na chupa ya uji. Ghorofa nzima ilikuwa tupu, taa moja tu juu ya meza yake. Barua ya mfilisi ilikuwa mbele yake, imenyooshwa. Simu ikalia. Akaweka spika ili nami nisikie, nafikiri hakutaka kuwa peke yake. Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Wameshanijibu, mwanangu?"

"Wamekujibu, baba," akasema Ummukulthum. "Nimekuja na barua yako."

Cherehani ikasimama. Akaisoma yote. Alipofika penye maneno kwamba hatalipwa, hakuyalainisha hata kidogo.

Mzee akauliza, "Tarehe gani imeandikwa?"

"Tarehe tisa Machi, tisini na nane."

"Ah," akasema. "Basi nilikuwa nimeshaondoka."

Ummukulthum alikuwa analia bila sauti. Alimwomba radhi kwa kumsubirisha. Mzee akamwambia hana kosa, yeye ndiye wa kwanza kumwambia neno zima. "Hicho kiti mpe mtu mwingine," akasema. "Na Gulbanu mwambie asiache moto wa jiko ukiwaka usiku kucha, ananitia wasiwasi." Kisha simu ikawa na ule mlio wa laini tupu. Tulifuturu kwa uji uliopoa. Bi Gulbanu alitupigia baadaye kusema kwamba juu kumetulia, na mpaka anahama nyumba ile hakusikia tena kitu.

Usiku ule ule Ummukulthum aliandika karatasi yake. Hakuandika habari ya mizimu, hakuwa mjinga. Aliandika tu kwamba mshauri wa sita alikuwa marehemu, kwamba pasipoti hakuiona, na alama aliitia yeye. Jumanne saa nne wakamwita. Bosi, mama mmoja wa idara ya waajiriwa, na mimi. Mimi niliitwa kwa sababu mtu akiachishwa kazi mlinzi husimama mlangoni, kisha humsindikiza mpaka nje. Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu kutoka kiti chake.

Bosi hakuwa mkali. Alikuwa anatafuta njia ya kumsaidia, nilimwona, na hilo ndilo linaloniuma. Alimuuliza, "Kuna mtu alikwambia ufanye hivi? Kama uliambiwa, au ulielekezwa vibaya, tuambie. Itabadilisha mambo."

Nilisubiri atamke jina langu. Nilikuwa tayari, nadhani. Nilikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba, lakini kama angenitaja ningekubali. Hakunitazama hata mara moja.

"Hapana," akasema. "Niliamua mwenyewe."

Bosi akangoja. Chumba chote kikangoja. Ilikuwa zamu yangu kufungua kinywa, na nilikuwa na neno lenyewe ulimini. Nikanyamaza.

Tukashuka kwa lifti, yeye na kiboksi chake, mimi na sare yangu. Mezani kwangu ilinibidi nichukue kadi yake ya kuingilia, ndiyo kazi yangu. Nikanyoosha mkono. Akaivua shingoni, akanipa, akasema, "Ahsante, kaka Vuai," akatoka kwenda kupanda tramu.